Msimu Usio na Kushindwa

Chuo cha Ufundi na Uongozi cha Upeo, kilichoko Changamwe nyuma ya matangi ya mafuta, kiliutangazia umma wa Mombasa, Kenya nzima na nchi jirani zisizo na habari kwamba kimeingia rasmi katika mchezo wa mpira wa Kimarekani. Tangazo lilitolewa kwenye paredi ya Jumatatu na Mkuu wa Chuo mwenyewe, Dokta Maxwell, ambaye ilimbidi anyamaze mara kadhaa kupisha malori ya kontena. Alisema kila chuo chenye hadhi ulimwenguni kina timu ya mchezo huo. Alilijua hilo kwa kuwa alikwenda Marekani kwenye kongamano la nidhamu ya mafundi, wenyeji wake wakampeleka uwanjani, wakampa soseji ndani ya mkate, na katikati ya soseji hiyo akaoneshwa mustakabali wa elimu.

"Kuanzia leo," alisema, "Upeo haitakuwa nyuma ya Marekani kwa lolote, isipokuwa maji, umeme na maabara, mambo ambayo yanashughulikiwa."

Wa kwanza kupiga makofi alikuwa Mahfudh, Kaimu Afisa wa Michezo. Alipiga makofi kwa moyo mmoja, kwa sababu kwenye neno "michezo" alisikia jina lake likikaribia.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kufanya kazi ofisini, kaimu ni mtu anayeshikilia kiti mpaka mwenyewe apatikane. Mahfudh alikuwa ameshikilia chake miaka kumi na miwili. Katika muda huo chuo kilikuwa kikimtafuta Afisa wa Michezo bila mafanikio, ingawa kila asubuhi Mahfudh alikuwa pale pale kitini, amepiga pasi shati, akitafutwa. Nyumbani kwake Magogoni mambo hayakuwa na nafuu. Mama mkwe wake alikuwa na desturi ya kumtambulisha harusini kwa sauti ya kusikika hadi jikoni: "Huyu ndiye mume wa Basma. Kaimu." Na wageni walikuwa wakimtazama Basma kwa huruma, kana kwamba mume halisi yuko safarini.

Jioni ile ile Dokta alimwita.

"Bwana Kaimu, mpira huu ni mtoto wangu. Nipe msimu usio na kushindwa, nami nitakuthibitisha. Nitaling'oa hilo neno mwenyewe kwa mikono yangu."

"Inshallah, Dokta. Na mchezo wenyewe unachezwa vipi?"

"Hizo ni taarifa za kiutendaji," alisema Dokta.

Taarifa za kiutendaji alikuwa nazo Kocha Jael, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwanamke wa bara mwenye sauti ya kusimamisha lori, aliyejifunza mchezo kwa kutazama video kwenye simu. Aliwaeleza vijana kwa ufupi. Watu kumi na mmoja kila upande. Mmoja anabeba mpira, anakimbia nao hadi avuke mstari wa nyuma wa wapinzani, anapata alama sita. Wengine wote kazi yao ni kuangusha watu.

Vifaa vilipatikana kwa haraka. Kofia zilikuwa za waendesha bodaboda. Makinga ya mabega yalishonwa Bombolulu kwa sponji la magodoro, kazi nzuri kabisa, yenye maua ya zambarau ya kitambaa cha godoro. Nguzo za goli zilichomelewa na idara ya vyuma ya chuo chenyewe, na kwa kuwa idara hiyo tangu kuasisiwa haijawahi kutengeneza kitu kingine ila mageti, zilitoka na marembo ya mizabibu na tundu la kufuli. Mpira ulikuwa mmoja tu, Dokta aliununua dukani kwenye uwanja wa ndege, na kwa umbo lake wanafunzi waliuita papai.

Mechi ya kwanza walicheza na chuo kimoja cha Likoni. Mahfudh alikuwa na kipaza sauti, kwa kuwa kutangaza nako ni kazi ya kaimu. Mpira ulianza, na Randu, kijana wa Kisauni anayesomea uashi, mwenye kifua kama kabati, alimkumba Mlikoni wa kwanza akaenda chini kama mfuko wa saruji. Umati ukalipuka kwa shangwe. Randu akasimama, akavua kofia, akamwinamia.

"Pole sana, ndugu yangu. Umeumia?"

"Kidogo, hapa nyongani."

"Pole. Nipe mkono. Hebu jaribu kukanyaga."

Pembeni yao papai likapita likikimbizwa na Mlikoni mwingine, bila bughudha, hadi mwisho wa uwanja.

"Randu!" Kocha Jael alipaza sauti. "Mpira unapita!"

"Kocha, mtu ameanguka!"

"Si wewe uliyemwangusha?"

"Ndiyo maana, kocha! Angeangushwa na mwengine, ningemwachia huyo mwengine ampe pole."

Haikuwa kwa Randu peke yake. Timu nzima ilikuwa hivyo. Kila aliyeangusha mtu alimwinua, akamkung'uta vumbi, akamuuliza kwao wapi. Likoni na wao walikuwa watu wa Pwani, lakini kocha wao alikuwa amewatoa adabu kwa ratiba, kila siku baada ya alasiri, na kazi ilionekana. Mechi iliisha Likoni hamsini na nne, Upeo sifuri.

Kesho yake iliundwa Kamati ya Tafsiri ya Matokeo. Mwenyekiti alikuwa Dokta, katibu alikuwa Mahfudh, na Kocha Jael akawa mwalikwa asiyeruhusiwa kusema. Kamati ilikaa asubuhi nzima, ikanywa chai mara mbili, ikabaini kwamba chuo hakikushindwa. Kushindwa kunahitaji nia, na Upeo haikuwa na nia hiyo. Kilichotokea kiliitwa rasmi "ushindi ulioahirishwa."

Nahodha wa timu, Wafula, mwana wa Bungoma aliyekuja kusomea umeme, alimvizia Mahfudh nje ya ofisi.

"Shikamoo, mwalimu. Ati hatukuchapwa?"

"Marahaba. Hamkuchapwa. Mliahirisha."

Wafula alijipapasa mbavu. "Aki mwalimu, tuliahirisha vibaya."

Wakaahirisha mechi ya pili. Wakaahirisha ya tatu, tena mbele ya wazazi. Hapo Dokta akaingiwa na wasiwasi wa kitaalamu, kwa kuwa ushindi ulioahirishwa ulianza kurundikana, na siku moja mtu wa wizarani angeweza kuuliza utaletwa lini. Na wizarani ndiko macho yake yalikoelekea. Alikuwa ameomba cheo cha Mkurugenzi wa Michezo ya Vyuo, Ukanda wa Pwani, chenye gari na dereva, na katika taarifa yake alikuwa ameeleza kwamba timu yake haijawahi kushindwa.

Aliitisha kamati na kufunga dirisha.

"Bwana Kaimu, katika gofu nani mshindi? Mwenye mipigo mingi au michache?"

"Michache, Dokta."

"Na darasani? Wa kwanza ana namba gani?"

"Moja."

"Na wa mwisho?"

"Arubaini, kutegemea darasa."

"Sasa nani kamshinda nani?"

Mahfudh alilitafuta kosa katika maneno hayo na hakuliona, na kusema haki hakulitafuta sana. Akili yake ilikuwa kwenye mlango wa ofisi yake, upande wa nje, mahali ambapo neno "Kaimu" lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya mafuta. Ikapitishwa. Waraka ukatolewa na kubandikwa kila mlango, pamoja na wa jikoni: kuanzia siku ile, katika mipaka yote ya Chuo cha Upeo, mwenye alama chache ndiye mshindi, na mwenye alama nyingi ni mtu aliyelemewa. Aliyelemewa apewe pole, na mshindi ashukuru.

Msimu ukageuka kuwa wa neema. Mahfudh alisimama na kipaza sauti, akatangaza kwa sauti ya kuhutubia: "Upeo, kwa alama sifuri, wamewashinda wageni wao waliolemewa na alama arubaini na mbili!" Wageni walitazamana. Wageni wenyewe, timu ya chuo kimoja cha Kisauni, walikubali matokeo kwa moyo mkunjufu. Nahodha wao alimpa Wafula mkono, akamwambia, "Hongereni, mabingwa. Mkija kwetu mtushinde tena hivi hivi, msituonee huruma." Basi lao lilicheka kutoka Changamwe hadi darajani.

Nyumbani, Basma alimpokea na sahani ya viazi vya karai.

"Leo mmeshinda ngapi?"

"Sifuri kwa arubaini na mbili."

"Mashallah. Mama alipiga simu. Auliza, mshindi huyo angali kaimu?"

"Basma, imebaki mechi moja. Moja tu. Msimu ukiisha hivi, mimi ni afisa kamili."

"Na wale watoto wa watu wanaorudi makwao na nundu, wao waambiwaje?"

"Waambiwa wameshinda."

"Nao waitikiaje?"

Mahfudh alikula kiazi ili asiwe na nafasi ya kujibu. Vijana, kwa kweli, hawakuitikia kitu. Baada ya kila tangazo waliokota kofia zao na kuondoka kimya, kama watu waliohudhuria harusi wasiyoalikwa.

Kocha Jael hakuwa na habari na waraka wowote. Yeye alikuwa akipigana na adui mmoja tu, ile pole. Kwanza aliipiga marufuku. Matokeo yake Randu alipoteza usingizi, na Jumapili akavuka feri na trei ya mayai kwenda kumwomba radhi Mlikoni wa nyongani, akarudi magharibi akiwa ameshiba na amechelewa mazoezi. Kocha alitafakari wiki nzima. Kisha akawakusanya.

"Sikilizeni. Mtu akianguka, pole ni lazima?"

"Ni lazima, kocha," walijibu wote.

"Lazima kabisa, hata mvua inyeshe?"

"Kabisa."

"Sawa. Basi muitoe kabla."

Randu alikunja uso. "Kabla hajaanguka?"

"Kabla."

"Atajuaje ni ya nini?"

"Usijali," alisema Kocha Jael. "Atajua."

Mechi ya mwisho ilikuwa na Likoni, nyumbani Changamwe, na mgeni wa heshima alikuwa Bi Zubeida, mkaguzi mkuu kutoka wizarani, mwanamke wa makamo wa buibui jeusi na miwani ya kamba, aliyekuja kuona kwa macho yake mabingwa wa Dokta Maxwell. Aliketishwa chini ya hema, akapewa dafu. Dokta alikaa karibu naye akimweleza mustakabali wa elimu.

Kabla ya kipenga, wachezaji wa mbele waliinama, ana kwa ana. Randu alimtazama Mlikoni aliyekuwa mbele yake, jitu la watu.

"Pole, ndugu yangu," alisema kwa upole wa kweli.

"Ya nini?"

Kipenga kikalia.

Safari hii Randu hakuinama kumwinua mtu. Pole ilishatoka, moyo wake ulikuwa mweupe, akakimbia mbele kumtafuta mwengine. Na kila wa Upeo alifanya vivyo hivyo. Uwanja mzima ulisikika kama msiba wa mtu mkubwa: "Pole, kaka." "Pole sana, mwenzangu." "Poleni, nyote wawili." Hapo ndipo ilipoonekana kasoro katika malezi ya Likoni. Kocha wao alikuwa amewafundisha wasitoe pole. Hakuwahi kufikiri kuwafundisha wasiipokee. Pole imetiwa ndani ya mtu na bibi yake kabla hajajua kutembea, na ikisemwa jibu linakuja lenyewe.

"Nishapo—" alisema mmoja, akamalizia chini, "—a."

Katikati ya mapole hayo Wafula alipenya na papai kifuani, akavuka mstari, akaendelea kukimbia hadi kwenye ukuta wa chuo, maana hakuwahi kufika upande ule na hakujua unaishia wapi. Kipindi cha pili akafika tena. Likoni walijitutumua wakapata mara moja. Kipenga cha mwisho kilipolia, ubao ulikuwa Upeo kumi na mbili, Likoni sita.

Wanafunzi walikuwa tayari kuvamia uwanja, lakini walisita. Walikuwa wamezoea kusubiri waambiwe kilichotokea. Wachezaji nao wakasimama katikati, wamevua kofia, wakimtazama Mahfudh na kipaza sauti chake.

Dokta Maxwell alimvuta nyuma ya nguzo ya goli yenye mizabibu.

"Tangaza haraka. Kwa mujibu wa waraka."

"Dokta, kwa mujibu wa waraka tumeshindwa."

Dokta aliufikiria ubao. "Basi usitangaze kwa mujibu wa waraka."

"Nisipotangaza kwa mujibu wa waraka, basi zile nyengine zote tulishindwa."

"Tangaza yote mawili."

"Mbele ya Bi Zubeida?"

Dokta alijifuta jasho. Kamati ya Tafsiri ya Matokeo ikafanya kikao cha dharura pale pale, wajumbe wakiwa wamesimama. Kocha Jael alitokea, akakumbushwa kwamba haruhusiwi kusema, naye akasema, "Watoto wanangoja." Hakurudia.

"Nimepata," Dokta alinong'ona, akamshika Mahfudh bega. "Leo yalikuwa mazoezi. Mechi ya mwisho ilikuwa wiki iliyopita. Msimu umeisha bila kushindwa. Tangaza hivyo, Bwana Kaimu, na Jumatatu asubuhi sitakuita tena kwa jina hilo. Nakupa neno langu."

Hapo Mahfudh aliliona hasa. Mlango uliopakwa rangi upya. Mama mkwe, katikati ya harusi, akitafuta neno la kumtambulisha na kulikosa. Lilikuwa karibu mno, sentensi moja tu mbali. Aliinua kipaza sauti. Uwanjani Randu alikuwa bado amesimama na kofia yake mkononi, nundu mpya kwenye paji, mdomo wazi kidogo, kama mtu aliyebisha hodi nyumba anayojua ina watu.

"Mabibi na mabwana," alisema Mahfudh. Akakohoa, spika zikakohoa pamoja naye. "Upeo kumi na mbili. Likoni sita. Upeo wameshinda." Akavuta pumzi. "Kushinda kwenyewe, kule watu wanakokujua. Na ni mara yetu ya kwanza."

Kelele iliyotoka iliwashtua hata madereva wa malori. Wafula alibebwa. Randu alijaribu kubebwa, waliombeba wakaanguka, naye akawapa pole wote. Likoni wenyewe walikuja kuwashika mikono, wakisema, "Sasa ndiyo mmetushinda, mabingwa. Zile nyingine watu walikuwa wakiwavumilia tu."

Mahfudh alikishusha kipaza sauti taratibu. Alifanya hesabu ya umri wake na miaka iliyobaki kustaafu, akaona ataikamilisha yote akiwa kaimu.

"Dokta," aliita Bi Zubeida kutoka hemani.

"Naam, mama."

"Taarifa yako yasema hamjapata kushindwa. Mtangazaji asema hamjapata kushinda. Nieleweshe, mwanangu, mimi mtu mzima."

Dokta Maxwell aliiona njia moja tu, naye akaishika. Alimweleza gofu. Alimweleza darasa, wa kwanza na wa arubaini. Alimweleza waraka mzima, na jinsi leo, kwa bahati mbaya na mara moja tu, timu ilivyolemewa. Bi Zubeida alimsikiliza bila kutikisika, akinywa dafu lake.

"Kwa hiyo kwenu, kidogo ndicho kikubwa."

"Haswa, mama."

"Na waraka huo ni wako?"

"Niliuandika kwa mkono wangu."

"Wasimama nao? Maana ukiuacha, ile taarifa ulotuletea itakuwa ni uwongo, na uwongo kwa wizara una mlango wake wa kutokea."

"Nasimama nao."

"Vizuri. Mimi siwezi kuingilia waraka wa chuo." Bi Zubeida aliliweka dafu chini. "Umeomba cheo kikubwa, na wizara imeona unastahili. Sasa, kwa waraka wako, kikubwa ndicho kidogo. Nimezunguka hapa tangu asubuhi nikisoma milango. Kidogo kuliko vyote ni Kaimu Afisa wa Michezo. Hongera."

"Lakini mama, hicho... hicho kina mtu!"

"Kilikuwa na mtu. Bwana Mahfudh!"

"Labeka, mama."

"Wewe kuanzia sasa umethibitishwa. Usinishukuru. Nakihitaji hicho kiti chako."

Mahfudh alikaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa karibu, bila kuuliza ni cha nani. Kocha Jael alitazama pembeni na kucheka ndani ya kiganja.

Dokta Maxwell alibaki amesimama. Waraka ulisema mshindi ashukuru, na waraka ulikuwa wake.

"Nashukuru, mama," alisema kwa sauti nyembamba. Akageuka, akamtazama Mahfudh kama mgonjwa anavyomtazama aliyelazwa wodi hiyo kabla yake. "Na... huu ukaimu, kwa kawaida, huchukua muda gani?"

Mahfudh alimfikiria kwa dhati, kama inavyompasa afisa kamili.

"Mpaka mwenyewe apatikane, Dokta," alisema. "Nasi tutaanza kumtafuta kesho."